Posa ya Chumba cha Tatu

Je, mtu anayelala ukumbini kwa makusudi, ili akiulizwa aweze kusema kwamba analala ukumbini, anasema kweli au anasema uongo? Swali hilo liliniweka macho nikiwa nimejinyoosha juu ya mkeka, kichwa kikielekea mlango wa mbele na miguu ikielekea uani. Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na chumba changu mwenyewe, na ndani yake kitanda changu kilikuwa kimetandikwa vizuri, hakina mtu. Nililigeuza swali upande huu na upande ule kama nilivyofundishwa chuoni. Kwa upande mmoja, nalala ukumbini. Mbavu zangu ni shahidi. Kwa upande wa pili, hakuna aliyenitoa chumbani ila mimi mwenyewe. Kwa upande wa tatu, maana sijawahi kukosa upande wa tatu, dalali wa vyumba alikuwa ameniambia kwamba Serikali haiulizi kwa nini mtu analala mahali fulani, inauliza tu ni mahali gani.

Alfajiri mpangaji wa chumba cha tatu alitoka kwenda kazini bandarini, akanikanyaga mguu. Akainama kunitazama vizuri.

"Bwana msomi," akasema, "shangazi yako kaanza kukufukuza wewe?"

Akacheka peke yake, akanivuka, akaenda zake. Naye ndiye tuliyekuwa tunataka kumfukuza.

Nyumba ya shangazi ilikuwa Temeke, kwenye vile viwanja ambavyo Serikali ya Mwingereza ilivikata kwa kamba katikati ya mikorosho, ikaviita mji. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, kuta za miti na udongo zilizopakwa chokaa, na paa la bati ambalo marehemu mume wake aliliezeka kwa mikono yake mwenyewe. Mume alikufa, paa likaanza kumfuata. Vyumba vinne vilipangishwa, na shangazi aliishi kwa kodi ya vyumba hivyo na kwa kitu kingine chochote Mungu alichomletea. Chumba cha tano kilikuwa chake. Cha sita, cha pili upande wa kushoto, kilikuwa stoo ya misumeno na randa za marehemu, na nilipomaliza chuo Kampala na kurudi kungoja barua ya kuitwa kazini, shangazi aliitoa misumeno akaniingiza mimi. Sikulipa kitu. Nilimsomea gazeti, nikamwandikia barua zake, nikala wali wake, na kila jioni nikamweleza sababu mbalimbali zinazoweza kuwa zinaichelewesha barua yangu.

Kisha ikaja sheria ya kodi za nyumba. Iliwafikia wenye nyumba wa Temeke kama habari ya msiba: kila mtu alikuwa ameisikia kwa mtu mwingine. Shangazi akanitaka nimweleze. Nilikwenda kuisoma ilipobandikwa, nikarudi, nikaeleza tangu magharibi mpaka chakula kikapoa. Nikamwambia kwamba kodi imefungwa pale ilipokuwa, haipandi bila idhini ya Baraza la Kodi. Kwamba mpangaji anayelipa hafukuzwi. Kwamba mwenye nyumba anapaswa kuitengeneza nyumba. Kwamba kuchukua kilemba ni kosa. Kila moja nililitolea mfano, na kila mfano nikauwekea shaka.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafupisha. "Nyumba yangu, bei ya Serikali. Mpangaji wangu, ulinzi wa Serikali. Paa likivuja, la kwangu."

Nikasema kwamba nia ya sheria ni kuwalinda wanyonge.

"Wanyonge kina nani?" akauliza, akatazama juu, mahali ambapo nyota moja ilikuwa inaonekana ndani ya nyumba. "Serikali imenipa wapangaji. Mabati haikunipa."

Baadaye akaja mkaguzi, Mzungu kijana mwenye futi ya kitambaa, akapima vyumba vyote na choo pia, akataka kujua kodi ilipandishwa lini mara ya mwisho. Shangazi hakuwa ameipandisha tangu afiwe, kwa kuwaonea haya watu waliombeba marehemu. Basi haya zake zikaandikwa na kupigwa muhuri. Jirani yetu wa kulia, ambaye alikuwa akipandisha kila mwezi wa Ramadhani ulipoandama, ulafi wake nao ukapigwa muhuri, ukawa halali. Nilikaa siku nzima nikijaribu kuona haki iko wapi katika jambo hilo. Niliona tu kwamba wote wawili walipewa karatasi za rangi moja.

Watu walidhani sheria hiyo itawaua madalali. Dalali wetu alikuwa mtu mrefu, amevaa koti juu ya kanzu hata jua linapowaka, na kiunoni amening'iniza funguo za nyumba ambazo hata moja haikuwa yake. Kabla ya sheria kazi yake ilikuwa kumleta mtu kwenye chumba na kula pande zote mbili, yaani kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji. Kile ambacho mpangaji mpya alitoa mara moja ili afunguliwe mlango, mbali na kodi, ndicho kilichoitwa kilemba, na hakuna aliyekionea haya. Sheria ilipokiharamisha, dalali alipotea kwa muda kama mjane aliyekaa eda. Alipotokea tena alikuwa na koti jipya.

Kumbe alikuwa amegundua viti. Sheria ilikataza kuuza mlango. Haikukataza kuuza kiti kilichomo chumbani. Tangu hapo Temeke nzima hapakuwa na chumba kitupu cha kupangisha bila kiti, kigoda au kitanda kilichovunjika, na mpangaji hakuweza kukichukua chumba bila kwanza kununua fanicha hiyo kwa bei ambayo fundi wa Kihindi wa mjini asingethubutu kuitaja. Mpangaji akihama, alikiacha kiti, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukaa juu yake. Kikauzwa tena. Nilimuuliza dalali kama hilo halipingani na nia ya sheria. Alinitazama kwa huruma.

"Sheria ni kama chandarua, mwanangu," akasema. "Mbu anayezijua kona analala ndani."

Dalali huyo ndiye aliyemletea shangazi habari za karani mmoja wa reli, mtu wa bara, Mkristo mwenye mke na taa ya karabai, ambaye alikuwa tayari kununua kiti cha shangazi. Kiti chenyewe kilikuwa na miguu mitatu. Bei aliyokubali karani ingeezeka nyumba nzima upya na mabati yangebaki. Sikulala vizuri siku hiyo pia, lakini shangazi alilala, na asubuhi alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kuisikia mvua ikipiga bati zima.

Tatizo lilikuwa moja: hapakuwa na chumba. Karani alitaka kile cha tatu, kikubwa, chenye dirisha la barabarani. Ndani yake alikaa Mnyamwezi mmoja, mnyapara wa makuli bandarini, mtu wa makamo aliyepanga hapo na mkewe tangu marehemu yuko hai. Alilipa kila mwezi bila kukumbushwa. Tena alikuwa mtani wa shangazi, kama Wanyamwezi walivyo watani wetu sisi Wazaramo, na katika nyumba ile utani haukuwa maneno ya sherehe, ulikuwa ndio lugha. Asubuhi shangazi alimwita mla panya, naye alimjibu kwamba ni afadhali panya kuliko wali wa Mzaramo unaopikwa kwa uvivu. Kila mara alipoleta kodi shangazi alimwambia achukue mizigo yake arudi kwao Tabora kwa miguu kama babu yake alivyokuja, naye alimwambia atakwenda siku Mzaramo atakapojifunza kubeba mzigo. Mume wa shangazi alipokufa, ni mtani huyu aliyelala ndani ya kaburi lililochimbwa, akakataa kutoka mpaka apewe kuku, watu wakacheka katikati ya kilio, kama desturi inavyotaka.

Sheria ilikuwa na kona moja, na dalali aliijua. Mwenye nyumba angeweza kurudishiwa chumba kama anakihitaji kwa ajili ya kukaa mwenyewe au mwanawe.

"Mwana huyu hapa," akasema shangazi, akinionyesha kwa mwiko.

Nikaeleza kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake, na kwamba kwa jicho la sheria za Kiingereza huenda pana tofauti.

"Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wa nani? Wa jirani?"

Dalali akaamua kwamba wazee wa Baraza wangelikubali hilo bila taabu, lakini wangeuliza mwana huyo ana haja gani ya chumba kikubwa. Basi lazima awe anaoa. Na ili awe anaoa lazima posa iwe imepelekwa mahali. Nilianza kusema neno, lakini walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye suala la mahali.

Nikiri kwamba mpango wenyewe ulikuwa na akili. Desturi yetu ni kwamba posa haijibiwi siku ile ile. Baba wa msichana anayejiheshimu husema, tumesikia, tutafikiri, na huweza kufikiri hata miezi. Dalali alikuwa na mteja Keko, mpishi wa zamani wa Wazungu, mwenye nyumba na binti. Wakapatana: posa itakuja, yeye atasema atafikiri, na ataendelea kufikiri mpaka Baraza limalize shauri, kisha atakataa kwa adabu na kila mtu abaki na heshima yake. Mpishi alikubali kwa moyo mmoja, maana naye sheria ilikuwa imemfungia kodi zake, na wenye nyumba siku hizo walipendana kama abiria wa meli inayozama.

Ikabaki kupata mshenga wa kuipeleka. Dalali mwenyewe hakufaa, kwa kuwa Baraza lilimjua. Baba yangu alikuwa Kisarawe na miguu mibovu. Tukakaa tukifikiri, yaani mimi na dalali tulifikiri. Shangazi hakuona kuna la kufikiri.

"Mshenga si yule mtani wangu?" akasema. "Mwanamume wa nyumba hii ni nani mwingine?"

Mimi na dalali tukatazamana. Shangazi hakumtazama mtu. Alikuwa amekwisha kuinama kwenye sanduku akitafuta kanzu ya marehemu ya kumwazima. Miaka yote, jambo lolote lililohitaji mwanamume mzima, kuanzia mazishi mpaka ugomvi wa mpaka wa kiwanja, alimtuma yeye, na siku ile mkono wake ulikwenda kwenye sanduku kabla kichwa hakijaukumbusha ni nani anayefukuzwa. Alipokumbuka alikuwa amekwisha kumwita, na mtani alikuwa amesimama mlangoni anajaribu kanzu, ikimfika magotini.

Mimi sikwenda, kwani anayeposewa haendi. Dalali, aliyejifanya mgeni aliyepita tu nyumbani kwa mpishi, ndiye aliyenisimulia, na alisimulia kama mtu aliyeshuhudia nyumba ikiungua. Alisema mtani aliingia na ujumbe wake, akakaa, akanywa kahawa, akaanza kwa kuwatukana wenyeji wote kwa kuwa ni Wazaramo. Kisha akanisifu. Alisema: "Kijana wangu anafikiri sana. Ukimpa wali, anafikiri kwanza mchele umetoka wapi. Binti yenu hatapigwa kamwe, kwa sababu akiinua mkono ataanza kufikiri, mpaka amalize hasira zimekwisha na mkono umechoka." Wanawake waliokuwa nyuma ya pazia wakacheka. Akaongeza kwamba sina ng'ombe, sina shamba, sina kazi bado, lakini ninaisoma sheria ya Mwingereza kama mtu anayechambua dagaa, na mwanamume anayeweza kukaa na dagaa saa nzima bila kulalamika ni wa kushikwa upesi. Hapo bibi wa msichana akapiga kigelegele, na wengine wakaitikia.

Baba mtu alikuwa amefungua kinywa kusema tutafikiri. Lakini baada ya vigelegele hakuna mtu aliyewahi kusema tutafikiri. Akakifunga, akaipokea posa.

"Amelipwa na nani huyu?" dalali aliniuliza, jasho likimtoka chini ya koti. "Nani alimwambia aseme vizuri?"

Hivyo nikawa mchumba wa mtu. Mtani alirudi nyumbani usiku huo akiimba, akamrudishia shangazi kanzu, akamwambia sasa anamdai nyama ya harusi. Nami nikaanza kuhesabu pande za jambo hili, nikaona ni nyingi kuliko vidole. Nikimwoa, uongo wa Baraza utakuwa kweli, lakini kweli hiyo itakuwa imezaliwa na uongo. Nisipomwoa, nitakuwa nimewapigisha wanawake wa Keko vigelegele vya bure.

Dalali aliona upande mmoja tu: mambo yamekuwa mazuri zaidi. Posa iliyokubaliwa ina nguvu kuliko posa inayofikiriwa. Akaniandikisha hati ya kumtaka mpangaji ahame, shangazi akaweka dole gumba, na mimi nikatumwa kumsomea. Nilimkuta uani ananawa miguu. Nikasoma polepole, kwa sauti ya huzuni, nikatulia kwenye neno kuhama.

Alisikiliza, akakausha miguu, akaangua kicheko mpaka mkewe akatoka kuuliza kuna nini.

"Mtani wangu kaenda kwa mwandishi," akamwambia. "Siku hizi ananitukana kwa karatasi."

Nikasema, "Mzee, hii ni hati kweli."

"Naona. Ina hata muhuri." Akapaza sauti kuelekea jikoni. "We Mzaramo! Nimekusikia. Na mimi kesho naleta ya kwangu ya kukutoa chooni."

Nilimtazama shangazi. Najua, kwa kuwa nilikuwa karibu, kwamba alifungua mdomo kumwambia kwamba safari hii si utani. Lakini ulimi ni mnyama wa mazoea. "Uondoke na panya wako," alijibu, na mtani akacheka tena, akaikunja hati akaiweka chini ya mguu wa kitanda uliokuwa unayumba.

Hakutafuta mtu wa kumsemea. Hakuuliza siku ya Baraza kutakuwa na nini. Alisema atakuja, kwa kuwa hajawahi kuona utani ukifanywa mbele ya Mzungu. Mara mbili nilikaa naye barazani nia yangu ikiwa kumweleza, na mara mbili nilianza na utangulizi mrefu mno, akasinzia. Nikimweleza, nimemsaliti shangazi anayenilisha. Nisipomweleza, mtu huyu na mkewe watatolewa vyombo vyao barabarani wakiwa bado wanangoja sehemu ya kuchekesha. Na vyumba Temeke wakati huo havikuwepo. Vilivyokuwepo vilikuwa na viti.

Ndipo dalali alipokuja kunifundisha majibu. Jina la mchumba, jina la baba, lini posa imekwenda. Yote yalikuwa kweli sasa, jambo lililomshangaza hata yeye. Lilibaki moja.

"Ukiulizwa unalala wapi, sema ukumbini."

Nikasema nalala chumbani.

"Basi lala ukumbini," akasema, na kuondoka.

Nikalala. Asubuhi ile nilipokanyagwa niliamka mbavu zikiuma, nikaona kwamba nimefikiria Serikali, shangazi, dalali na mtani, lakini kuna mtu mmoja ambaye sijamfikiria hata kwa upande mmoja. Nikaoga, nikaenda Keko kwa miguu.

Mpishi wa zamani alinipokea barazani bila furaha. Nilimwambia kwamba nimekuja kusema ukweli, posa ilikuwa ni hila ya kupata chumba. Alisema anajua, hila hiyo na yeye alikuwemo. Nikamuuliza basi tufanyeje. "Mimi nilipatana na dalali," akasema kwa uchungu. "Wanawake hawakupatana na mtu." Akanipeleka ukumbini mpaka kwenye kigoda alichokalia bibi, mama yake mzazi, akanitupa hapo, akarudi nje kama mtu aliyeshusha gunia.

Nyuma ya bibi kulikuwa na pazia la kanga, na nyuma ya pazia nilijua kuna mtu, kwa kuwa cherehani iliyokuwa inalia iliacha kulia. Nilimwamkia bibi, nikaanza tangu mwanzo: sheria, paa, viti, karani wa reli, kona ya chandarua. Bibi alisikiliza akitafuna tambuu. Nilipofika kwenye neno uongo alinizuia.

"Uongo upi, mjukuu wangu? Posa imeletwa, imepokewa, vigelegele vimepigwa. Uongo uko wapi hapo?"

Nikaendelea mpaka kwenye hati ya kuhama na nani aliyepewa. Hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya kijana, haina haraka.

"Bibi, muulize. Huyo anayetolewa chumbani, ndiye mshenga aliyekuja hapa?"

Bibi akanigeukia akaniuliza, kana kwamba mimi ni kiziwi. Nikasema ndiye.

"Muulize, nikigombana naye huko ndani nitakwenda kushtaki kwa nani?"

Nilitaka kusema kwamba suala hilo lina pande kadhaa. Halikuwa nazo. Mshenga ndiye mwenye ndoa. Mume na mke wakikosana ni kwake wanakokwenda, na ni yeye anayekaa katikati mpaka kufa. Sisi tulikuwa tumepanga kulala mahali alipokuwa akilala, baada ya kumweka nje na vyungu vyake.

Sauti haikuningoja. "Mwambie atafute chumba kingine," ikasema. "Au atafute mke mwingine. Mshenga asimguse." Na cherehani ikaanza tena.

Kesho yake tulikwenda kwenye Baraza. Tulikaa kwenye mabenchi: shangazi na mimi na dalali, ambaye alijifanya hatujui, upande mmoja, mtani na mkewe upande wa pili, wamevaa vizuri. Mbele alikaa Bwana Shauri, ofisa wa Kizungu, kijana kama mimi, mwekundu kwa joto, katikati ya wazee wawili wenye makoti, na mkalimani kando. Shauri letu lilipoitwa, shangazi alisema aliyofundishwa. Akaulizwa mtani: ni kweli kwamba kijana huyu anaoa?

Akasimama akijivuna. "Kweli kabisa. Nimekwenda kuposa mimi mwenyewe, na walikubali siku ile ile."

Mkalimani alipofasiri, Bwana Shauri aliuliza tena, akidhani amefasiriwa vibaya. Mpangaji ndiye aliyekwenda kuposa? Ndiye. Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Bwana Shauri akafuta jasho, akasema basi kama jambo ni la kweli na mpangaji mwenyewe ni shahidi, je, ana sababu yoyote ya kupinga kuhama?

Mkalimani akalisema kwa Kiswahili, taratibu. Mtani aliendelea kutabasamu, akamgeukia shangazi, akingoja. Alimngoja acheke. Shangazi alikuwa anatazama pindo la kanga yake, analikunja na kulikunjua. Tabasamu la mtani lilikaa usoni muda baada ya furaha yenyewe kuondoka nyuma yake.

"Mtani," akasema kwa sauti ndogo, "mpaka kwa Mzungu?"

Shangazi alizidi kulikunja pindo. Ilikuwa mara ya kwanza nimemwona akikosa la kumjibu mtu huyo. Mkalimani akauliza kama maneno hayo nayo afasiri.

Kisha nikaitwa mimi. Jina la mchumba, nikasema. Jina la baba yake, nikasema. Bwana Shauri akaandika. Akauliza, pasipo kuinua kichwa, kwa sasa nalala wapi.

Nimezoea kabla ya kujibu neno kuliona likija kwa mbali, na kulizunguka. Safari hii nilimtazama mke wa mtani, aliyekuwa ameshika mkono wa mumewe mbele za watu, jambo ambalo wanawake wa rika lake hawalifanyi, na nikajibu.

"Nalala chumba cha pili upande wa kushoto. Ni changu peke yangu, na kitanda kimo. Usiku mmoja nimelala ukumbini, kwa makusudi, ili nije kusema hapa kwamba nalala ukumbini. Chumba cha mzee huyu sikihitaji."

Dalali alisimama akatoka nje, funguo zikilia. Bwana Shauri akainua kichwa, akataka kujua basi shangazi yangu anahitaji nini. Nikasema anahitaji mabati, na kwamba hilo Baraza halina. Nikasema chumba changu mwenyewe nitakitoa leo, ampangishe amtakaye, na kwa kuwa mimi ndimi ninayehama, hapana haja ya mtu mwingine yeyote kuhama. Aliuliza kama nilikuwa nalipa kodi. Nikasema hapana, hata siku moja. Wakanong'onezana na wazee, wakafungua sheria, wakaitazama mbele na nyuma. Mkalimani akaniambia kwamba, kwa mtu wa namna yangu, sheria haina neno.

Tulirudi Temeke mmoja nyuma ya mwenzake. Shangazi alikwenda mbele bila kugeuka. Alimkuta mtani amefika kwa njia nyingine, mlango wa chumba cha tatu wazi, anaichomoa hati kutoka chini ya mguu wa kitanda, na kitanda kinayumba. Wakatazamana. Sijui nani angeanza, kwa sababu sikungoja. Niliingia chumbani nikakivunja kitanda changu vipande, nikafunga vitabu kwa kamba, nikavipanga kwenye mkokoteni niliouazima kwa muuza maji.

Shangazi alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akikitazama chumba kitupu kwa jicho la kukipima. Hakikuwa kikubwa kama cha tatu, lakini karani wa reli alikuwa hana muda wa kuchagua. "Ungekuwa unanilipa kodi, mwanangu," akasema mwishowe, "Serikali ingekulinda."

Nikasema ni kweli. Nikamuaga, akaniitikia, nikainua mikono ya mkokoteni, nikashika njia ya Keko kutafuta chumba.